Ua Linalofunguka Saa Tano

Vijana wangu, mkikuta kitu kama kitunguu kimeota katikati ya nyasi za uani mwezi wa tano, iwe hapa Minneapolis au ng'ambo ya mto, Saint Paul, msikimbilie simu. Najua mnavyofanya. Mnaielekeza kamera, inawatajia jina la Kilatini, nanyi mnatikisa vichwa kana kwamba mlilijua toka tumboni. Mjukuu wangu kanifanyia hivyo wiki iliyopita. Nikamwambia, "Chuma jani, lifikiche, unuse." Akanijibu kwa Kiingereza kwamba simu imeshasema. Nikamwambia simu haina pua.

Mimi pua ninayo, tena kubwa, ya urithi wa ukoo, nikiingia mlangoni inatangulia dakika mbili. Na bado kuna siku ilinisaliti, nusura nimuue mama yangu mzazi. Kaeni niwaeleze.

Kazi yangu ilikuwa bustani za watu. Kukata nyasi, kung'oa magugu, kupanda maua, kusomba majani makavu. Nyasi nilizokata maishani ukizitandaza zinafika Same na kurudi, na zinabaki za kulisha ng'ombe wa wilaya nzima. Nilianza mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilipoacha chuo kwa sababu ambazo hazina faida kwenu, nikaajiriwa na mzee mmoja wa hapa aliyeitwa Walter. Alikuwa na pikapu ya kijani, mashine mbili, na maneno kumi na moja kwa siku. Jambo likimpendeza kupita kiasi alisema, "Si mbaya." Likimuudhi kupita kiasi alisema, "Hii ni tofauti." Nilimsikia akisema "hii ni tofauti" wiki yangu ya kwanza, pale Maplewood, nilipong'oa vichipukizi vyote vyekundu vya maua ya mteja nikidhani ni ugonjwa. Nilivipanga vizuri kwenye ndoo nikamwonyesha, nikisubiri sifa. Walter alitazama ndoo, akatazama mbingu, akasema maneno yake mawili matatu, kisha akapiga magoti akavirudisha kimoja kimoja. Nami nikapiga magoti. Hiyo ndiyo ilikuwa shule yangu ya kwanza.

Ya pili ilikuwa ya jioni. Walter alinisukuma nikasome masomo ya mimea baada ya kazi, nikasoma miaka miwili huku macho yanajifumba, nikapata cheti. Nilikiwekea fremu, nikakitundika jikoni juu ya jiko ili kila anayekuja kula akione kabla hajaona chakula. Msicheke. Nyinyi mnavitundika mtandaoni.

Lakini elimu ya pua nilipewa ndani ya pikapu. Walter aliniambia nifumbe macho, akanifikichia jani puani. "Hili nini?" Kitunguu pori. "Na hili?" Kitunguu saumu pori. "Na hili?" Nikanusa, nikanusa tena. Hakuna kitu. Harufu ya nyasi tu, na ya vidole vya Walter. "Hilo," akasema, "ndilo linaloua mbuzi." Ndipo akanionyesha. Jani jembamba, la kijani kibichi, limeingia kidogo katikati kama mfereji, na katikati ya mfereji huo mstari mweupe, kama umechorwa kwa chaki. Chini yake kitunguu kidogo cheupe, kizuri, unatamani kukitia kwenye kachumbari. Huyu hakuzaliwa huku. Aliletwa na wahamiaji wa zamani kupamba bustani, akaruka uzio, akaingia kwenye nyasi na mashamba. Wenyewe wanamwita nyota ya Bethlehemu, kwa ajili ya ua lake jeupe la ncha sita. Uzuri wote huo, na sumu yake inacheza na mapigo ya moyo.

Nilivijua vyote hivyo, niliviandika kwenye mtihani, nikapata alama za kunifanya nitembee nimeinua kidevu mwezi mzima. Shikeni hapo.

Sasa mama. Baba alipofariki, mama, ambaye mimi ndiye mtoto wake wa pekee, alibaki peke yake Upareni kwenye nyumba ya mlimani. Nikahangaika na makaratasi mpaka nikamleta Fridley, kwenye apatimenti yangu ya vyumba viwili. Kwa akili zangu nilimleta mwezi wa tatu. Mwezi wa tatu! Alishuka na kanga mbili na sweta la kanisani, akakuta theluji inayoweza kumfika twiga kifuani. Akasimama nje ya mlango akauliza, "Elia, baba, hawa watu wamekosa nini?"

Sikuwa nimemleta kutembea. Nilitaka abaki. Sikumwambia hivyo, lakini nilimnunulia kitanda, na kitanda hakinunuliwi kwa mgeni wa wiki mbili.

Akaacha kula. Siyo kwa kugoma, mama hakuwa na tabia hiyo. Alikuwa anakaa mezani, anashukuru, anaonja vijiko viwili, anasema, "Nimeshiba, mwanangu." Kuku wa hapa alisema ananuka friji. Mchicha wa kwenye mfuko alisema umechoka kuliko yeye. Wiki baada ya wiki kanga inazunguka kiunoni mara nyingi zaidi. Alikuwa na presha, ana vidonge vyake, na daktari aliniambia mbele yake kwamba asipokula hatafika mbali. Kwa bahati alisema kwa Kiingereza. Kwa bahati mbaya mama alikuwa anasoma nyuso.

Jirani yetu alikuwa binti wa Kikenya, Njeri, anasomea uuguzi. Siku asizokuwa na darasa alikuja kukaa na mama nikiwa kazini. Alimwita "Mathe," neno la vijana wa Kenya kwa mama yeyote, na mama alimjibu kila siku, "Mimi siitwi Mathe, naitwa Mama Elia," naye kesho yake anaingia, "Mathe, sasa? Umekula ama una-diet?"

Jioni moja mwishoni mwa mwezi wa nne nikamuuliza mama, "Niambie kitu kimoja tu ambacho ukikipata utakula." Akafikiri sana. Akasema, "Makande. Lakini siyo hayo yako ya kopo. Makande ya kuchemsha, yatiwe majani ya kitunguu yaliyotoka ardhini. Siyo yale ya dukani yaliyofungwa na mpira kama noti."

Kesho yake, Jumapili, nikapita uwanja ulio wazi nyuma ya kiwanda kimoja, karibu na reli. Theluji imekwisha, nyasi bado zina rangi ya mkeka wa zamani, na katikati yake, vijana wangu, vichaka vya kijani! Majani membamba, marefu, na vitunguu vyeupe chini yake. Moyo uliruka. Nilimwona mama anakula. Nilimwona anaomba ya pili.

Sasa kumbukeni ni majira gani. Miti inachanua, chavua hewani kama unga wa kinu, na mimi chavua ya huku haijawahi kunipenda. Pua ilikuwa imefungwa siku ya nne, macho mekundu. Nikachuma jani, nikalifikicha kitaalamu, nikalinusa kitaalamu, sikusikia chochote, nikajiambia: ni mafua. Mnaona? Kipimo kilinijibu, nami nikakilaumu kipimo. Na mstari mweupe je? Nikiwa mkweli, sikuutazama. Mtu anayetafuta kitunguu kwa ajili ya mama yake anaona kitunguu.

Nilirudi na fungu kubwa. Mama alikuwa ameshalala. Nikaloweka mahindi na maharage, nikayaweka majani kwenye sinki, nikaacha kikaratasi: "Mama, majani ya kitunguu ya ardhini. Tia kwenye makande. Njeri atakusaidia jiko." Asubuhi nikaondoka kwenda kazini Maplewood nikipiga mluzi.

Tulikuwa tumekata nusu ya uwanja wa mteja tulipokaa kunywa kahawa ya alasiri. Nikaingiza mkono mfukoni, nikakuta mche mmoja umebaki. Nikamwonyesha Walter kwa majivuno. "Kitunguu pori. Mama yangu leo anapika."

Walter akauchukua. Akavunja jani, akalinusa, akanirudishia. "Nusa."

"Sisikii kitu, nina mafua."

"Mimi sina mafua," akasema, "na mimi pia sisikii kitu."

Akalilaza jani kwenye kiganja chake cheusi kwa udongo. Mstari mweupe ulikuwa pale, umenyooka, kama ulikuwa unanisubiri tangu siku ya mtihani.

"Kimeliwa?" akauliza.

Siku hizo simu za mfukoni zilikuwa za wenye nazo. Nilikimbilia kwa mwenye nyumba nikaomba simu, nikapiga kwangu, ikaita, ikaita. Nilijua haitapokewa. Mama alikuwa hapokei simu yangu kwa sababu aliogopa kukutana na Kiingereza ndani yake, na Njeri aliiacha iite, akisema si simu yake. Tukaacha uwanja wa watu umekatwa nusu, kama kichwa cha mtu aliyemtoroka kinyozi, tukaingia kwenye pikapu. Walter, ambaye miaka yote aliendesha kama amebeba mayai, aliipeleka ile gari barabara ya 694 mpaka mabeleshi yakawa yanaruka nyuma yenyewe. Nami nilikuwa nahesabu vidonge vya presha vya mama, kimoja asubuhi, kimoja jioni, na kujiuliza moyo wa mwanamke wa miaka sabini unaweza kuchezewa kiasi gani.

Kwenye korido ya apatimenti nikasimama. Siwezi kunusa. Kwa mara ya kwanza maishani nilifika mlangoni kwangu bila kujua kama kuna kitu jikoni. Walter akainua pua.

"Maharage," akasema.

Nikafungua mlango. Njeri alikuwa sinki anaosha sahani.

"Njeri, mmekula?"

"Haki ya Mungu, Elia, ungeona! Tumemaliza kitambo. Mathe amekula sahani mbili. Mbili! Nimetaka hata kukuachia note mlangoni, lakini nikasema wacha iwe surprise."

Wiki sita nimeomba mama ale sahani moja, na siku aliyokula mbili ndiyo hiyo. Walter hakujua Kiswahili lakini alisoma uso wangu, akaanza kuuliza kwa Kiingereza simu iko wapi apige hospitali. Hapo mama akatoka chumbani, anajifunga kanga.

"Umefukuzwa kazi?"

"Mama, yale majani! Ya kwenye sinki!"

"Ah, yale." Akanitazama kwa huruma, namna mnavyomtazama mtu aliyevaa viatu mguu sio wake. "Elia, baba. Yale ni kitunguu?"

"Umeyatia?"

"Nitie kwenye makande yangu majani yasiyonuka? Nimekaanga kitunguu cha dukani, hichohicho cha kufungwa na mpira. Nani aliyekufundisha kuchuma bila kunusa?"

"Nina mafua, mama."

"Basi si ungeniamsha? Mimi sina pua?"

Nikakaa chini palepale sakafuni. Njeri alipoelewa akashika kichwa, "Woi, woi, woi," na kuanza kumpima mama mapigo ya moyo hata hivyo, na mama akamwachia mkono kama anayempa mtoto kitu cha kuchezea.

Nikamuuliza, "Na kwa nini leo umekula?"

Akaonyesha cheti changu juu ya jiko. "Tangu nije naangalia kile. Najiambia, huyu mtoto amekamilika, ana kazi, ana nyumba, ana karatasi ukutani. Mimi nimekuja kufanya nini hapa? Kukaa kitandani kama shuka? Leo asubuhi nikasoma kikaratasi chako, nikanusa yale majani, nikacheka peke yangu mpaka Njeri akagonga ukuta kule kwake. Kumbe bado hujui kuchuma mboga." Akajifuta machozi, yaliyokuwa ya kicheko, au karibu na kicheko. "Njaa ikanishika."

Kisha akamwona Walter mlangoni, ameshika kofia. Akaenda dirishani, akarudi na jani, akalifikicha, akalinusa, akatikisa kichwa. Akampa Walter. Walter akanusa, akatikisa kichwa. Wakatazamana kama mafundi wawili wa mtaa mmoja. Mama akampakulia makande. Walter alikula sahani nzima amesimama, akasema, "Si mbaya." Tulipokuwa tunarudi kumalizia uwanja wa watu akaongeza, "Nilimwajiri asiye sahihi katika familia yenu," na hayo yakawa maneno mengi kuliko yote aliyowahi kunipa kwa siku moja.

Sasa yale majani. Mama hakuyatupa. Alikuwa ameyapanda kwenye kopo kubwa la kahawa, ameliweka dirishani panapoingia jua. "Yana mizizi," alisema, na kwake hiyo ilikuwa hoja iliyofungwa. Nikamweleza ni sumu. Akasema hata mafuta ya taa ni sumu na yanakaa nyumbani. Akamkataza tu Njeri asiliguse kisha ale bila kunawa.

Katikati ya mwezi wa tano yakachanua. Ndipo tulipojua tabia yake. Asubuhi ua limejifunga, upande wa nje kijani na ukingo mweupe, huwezi kudhani lina kitu ndani. Jua likishika, ikikaribia saa tano, linafunguka lote, jeupe kabisa, ncha sita. Alasiri linafunga tena. Siku ya mawingu halijisumbui. Mama akalipenda kwa uvivu wake. "Bwana mkubwa ameamka," ananiambia Jumamosi nikiwa nyumbani. "Saa tano! Huyu angekuwa Upareni angeshachapwa." Nilipomwambia jina lake akasema, "Nyota ya mamajusi imeota kwenye nyasi za watu, na nyinyi mnalipwa kuing'oa?"

Nikamweleza ndiyo, kwa sababu ni mgeni, na akiingia hatoki. Na hapa andikeni, hii ni kazi: usimvute kwa majani. Ukivuta, mama anakuja na watoto wanabaki, vitunguu vidogo kama punje za mchele, na mwakani una ukoo. Piga beleshi mbali, pana, inua bonge zima na udongo wake, tia kwenye mfuko, funga. Usitupe kwenye lundo la mbolea. Dawa ya magugu humteleza, jani lake lina nta. Na ufanye kabla mwezi wa sita haujaisha, kwa sababu majani yakikauka utasema amekufa, kumbe amelala tu.

Mama alisikiliza yote. Akasema, "Mgeni. Basi huyu wa kwenye kopo mwache kwanza amalize chakula."

Tangu siku ile ya sahani mbili mama alikula. Alipika, alinikemea, kanga ikarudi kufunga mara moja. Nami, mjinga mimi, nikaamini ameamua kubaki. Mwezi wa nane akaniambia anataka kurudi. Nikamwambia, "Lakini sasa unakula!" Akasema, "Ndiyo maana naweza kusafiri."

Sikulala vizuri wiki nzima. Siku ya kufunga sanduku alisimama dirishani mbele ya lile kopo. Lilikuwa udongo mtupu, majani yamekauka zamani. Akauliza, "Hapa ikiwa saa tano asubuhi, kwetu saa ngapi?"

"Saa moja jioni, mama."

"Saa moja nimeshafunga mbuzi, nimewasha taa, nimekaa kula." Akaligusa kopo. "Basi usinipigie simu saa hiyo, chakula kitapoa. Wewe litazame hili. Ukiona limefunguka, ujue nakula."

Hiyo ndiyo ikawa barua yetu. Kila majira ya baridi nililiweka kopo stoo ya chini, kila mwezi wa nne nikalitoa, na kila mwezi wa tano nilikuwa na wiki mbili au tatu za kumwona mama anakula. Siku ya kazi niliacha mashine saa tano popote nilipo, Fridley, Maple Grove, uwanja wa nani sijui, nikatafuta kwenye nyasi kama yupo mmoja amechanua. Mara nyingi alikuwepo. Nilimtazama, nikasema "karibu, mama, endelea," kisha nikapiga beleshi, kwa sababu mteja ni mteja. Walter aliniona nikiongea na magugu miaka yote hiyo, na hakuwahi kusema ni tofauti.

Mama alifariki mwezi wa kwanza wa mwaka mmoja, nikiwa na theluji hadi magotini. Nilikwenda kuzika, nikarudi, watu wakaniambia nimejikaza kiume. Sikujikaza. Kopo lilikuwa stoo limelala, na mimi nililala nalo. Nililia mwezi wa tano, saa tano, siku ya kwanza ya jua.

Kwa hiyo, vijana, fikicheni na mnuse. Pua ikiwa imefungwa, mtafuteni mwenye pua kabla hamjatia kwenye sufuria, hata ikibidi kumwamsha. Tazameni mstari mweupe hata kama mnachotaka ni kitunguu. Mengine mtayakosea wenyewe.

Kopo la kwanza liliota kutu, hili ni la nne. Nimeandika haya tangu asubuhi nikiwa nimeketi mbele yake, na mjukuu wangu amekuja na simu yake, kasimama nyuma ya kiti. Wingu limesogea. Amenisikia nikisema kitu, ananiuliza kwa Kiingereza nazungumza na nani. Nimemwambia anyamaze kidogo.

Limefunguka. Mama anakula.